Koti Moja, Watu Arobaini na Mmoja

Benchi la mbele ya duka la kamera lina miguu minne, na mmoja wao ni tofali. Kwa raha hukaa watu watano, kwa upendo saba, na siku yenye habari hukaa tisa na kila mmoja anabisha. Asubuhi hiyo tulikuwa watatu tu pale Wakili wa Bure alipotokea kwenye kona anakimbia, na mtu yule hakimbii hata mvua.

"Mmesikia? Mmesikia?"

"Tutasikiaje na wewe hujaacha kuhema?" Bi Sindano alimjibu, pini mbili mdomoni. Huyu ni fundi cherehani wa mlango wa pili. Kazi za mkono huzileta benchini kwa sababu, anasema, kibandani kwake hakuna umbea wa kutosha kukaza uzi.

Wakili wa Bure hajawahi kusimama mahakamani isipokuwa siku moja alipopotea akitafuta choo. Anauza kava za simu kwenye meza ya kukunja, na sheria alijifunza kwa kusoma masharti yaliyoandikwa nyuma ya risiti. Alikunjua gazeti, akalipiga kofi.

"Ofisi ya Vitambulisho na Leseni imemnasa jambazi. Sikieni kichwa cha habari: 'Mtu mmoja mwenye sura arobaini na moja!'"

"Sura ngapi?" Breki Mbovu aliruka, tofali likayumba.

"Arobaini na moja. Ameomba leseni na vitambulisho mara arobaini na moja, kila mara jina jingine, sura nyingine. Mashine mpya ya kulinganisha picha ndiyo iliyomkamata. Binadamu wa kawaida asingemuweza."

Hapo ndipo Breki Mbovu alipowaka. Ni dereva wa lori la mchanga, na jina tulimpa kwa sababu akianza kusema hana cha kumsimamisha mpaka agonge kitu.

"Yaani mimi nimeomba leseni moja! Moja tu! Mwezi wa tatu huu wananiambia njoo kesho, lori limeegeshwa mpaka ndege wamezalia kwenye kioo, mke wangu ananitazama kama fanicha, kumbe kuna mshenzi mmoja anazoa arobaini! Achapwe! Achapwe sura zote, moja baada ya nyingine, na akifika ya mwisho aanze upya!"

"Sura inachapwaje?" niliuliza.

"Inachapwa! We niletee tu!"

"Kisheria," Wakili alisema, akipandisha suruali kama anavyofanya kila anapotaka kusema uongo mrefu, "kila sura ni kosa linalojitegemea. Miaka mitatu kwa sura. Jumla mia moja ishirini na mitatu. Atatoka gerezani amebakiwa na sura moja, na hiyo yenyewe imechoka."

"Lakini anazibadilishaje?" niliendelea kudadisi, maana habari isiyo na namna ni kama chai isiyo na sukari.

"Poda," Bi Sindano alisema. "Poda inafanya mambo, jamani. Kuna bibi harusi nilimpima gauni mara tatu. Siku ya harusi ananijia nimfunge vifungo, nikamwambia dada subiri, nina mtu wangu nakuja kumvalisha. Kumbe ni yeye!"

"Hapana, huyu ni mchawi," Breki alisema. "Na wachawi nao wachapwe."

"Picha zake zipo hapa." Wakili aligeuza ukurasa. "Zote arobaini na moja. Wamefunika nyuso kwa wino mweusi, wanasema ni kwa ajili ya uchunguzi."

Tukaziinamia. Vijipicha vidogo vidogo, mistari mitano, kila kimoja na doa jeusi pale penye uso. Chini ya doa, kifua. Bi Sindano alitazama, akatazama tena, pini zikamdondoka mdomoni moja baada ya nyingine.

"Hiyo kola naijua," alisema.

"Kola ni kola, dada."

"Kola ya mtu mwingine ndiyo kola tu. Hii naijua. Na hicho kifungo cha pili, kikubwa kuliko wenzake, nimekishona mimi kwa mkono huu."

Sote taratibu tuligeuza shingo, tukatazama ndani ya duka, kupita kabati la kioo lenye kamera, kupita fremu na betri na mikanda ya kuvalia kamera shingoni, mpaka kule nyuma kwenye pazia la bluu. Hapo, juu ya msumari wake, lilikuwa limetundikwa koti.

Hili koti lazima nilieleze, maana asiyelijua atadhani tumerogwa.

Mwenye duka wa kwanza, marehemu sasa, siku moja alijiwa na kijana aliyetaka picha ya kupeleka kwenye kazi. Kijana shati lake lilikuwa limeungua na pasi, alama ya pasi iko kifuani, imekamilika mpaka ncha. Mzee alimtazama, akavua koti lake mwenyewe la kijivu alilooa nalo, akamvika. Kijana akapata kazi. Kesho yake wakaja wawili wanaulizia koti. Tangu siku hiyo hakuna mtu wa mitaa hii aliyepigwa picha ya ofisi bila hilo koti. Waumini, walevi, wanawake, wanaume, wote wamepita humo. Tatizo likawa miili. Mwembamba anapotelea ndani, mnene haingii. Ndipo Bi Sindano, bado msichana wakati huo, alipolipasua mgongoni kuanzia kola hadi pindo. Sasa linavaliwa kwa mbele kama aproni, halafu nyuma linabanwa na vibanio vya kuanikia nguo. Ukimtazama mtu kwa mbele, mkurugenzi. Ukimtazama kwa nyuma, mgonjwa anasubiri kuchomwa sindano.

"Huyu wa mstari wa pili ni mimi," Breki Mbovu alisema ghafla, kidole kwenye gazeti.

"Toa kidole. Huyo ni mimi," Wakili alisema.

"Wewe? Tazama hayo mabega!"

"Ndiyo mabega yangu."

"Wewe una mabega? Wewe una misumari miwili ya kutundikia shati!"

"Mimi huyu hapa mwenye mkufu," Bi Sindano alisema, akijisogeza. "Lo, koti limenikaa! Lakini wameniweka pembeni. Kwa nini wameniweka pembeni?"

Sitaficha, hata mimi nilijitafuta. Nilijipata mstari wa nne, wa tatu kutoka kushoto, tai imeenda upande kama ilivyo kawaida yangu, na nikafurahi kama mtu aliyetoka gazetini kwa kufaulu mtihani.

"Hebu ngojeni kwanza," Breki alisema, furaha ikimtoka usoni kidogo kidogo. "Kwa hiyo huyo jambazi mwenye sura arobaini na moja ni..."

"Ni sisi."

"Na nilisema achapwe?"

"Moja baada ya nyingine. Na akifika ya mwisho aanze upya."

"Natengua," Breki alisema. "Wakili, nitengulie."

Ndipo mwenye duka alipotoka. Tunamwita Mama Flashi, binti wa yule mzee wa koti. Ni mama wa kucheka, ana kitambaa cha kufutia lenzi begani saa zote, na kila msiba ukitokea mtaani yeye ndiye hukesha akitafuta picha nzuri ya marehemu, amkuze, amtie kwenye fremu, apeleke kabla hajaombwa. Breki alipomwona aliwahi kulikalia gazeti.

"Inuka tu, kaka," Mama Flashi alisema. "Nimeshalisoma."

Mkononi alikuwa na barua. Hakucheka. Alitusomea akiwa amesimama mlangoni. Ofisi ya Vitambulisho na Leseni inamtuma ofisa leo, saa nne asubuhi, kuchunguza duka linaloshukiwa kumpiga picha mtu mmoja kwa majina arobaini na moja. Ikithibitika, duka litatolewa kwenye orodha ya maduka yanayoruhusiwa kupiga picha za ofisi, na muhuri wake utachukuliwa siku hiyo hiyo.

"Kamera nauza tatu kwa mwaka," alisema, "na mbili kati ya hizo hurudi kutengenezwa. Kinachofungua mlango huu kila asubuhi ni picha za vitambulisho. Wakichukua ule muhuri, nafunga. Duka la baba yangu nalifunga mimi, kwa mkono wangu, kwa sababu ya koti lake."

Ushauri wa benchi ukaanza kumiminika.

"Lichome," Breki alisema. "Hakuna koti, hakuna kesi."

Kutoka ndani, nyuma ya kaunta, ikaja sauti kavu. "Atakayechoma koti la mume wangu aanze na mimi. Mimi nimekauka zaidi, nitawaka vizuri."

Huyo ni Bibi Kizani, mama yake Mama Flashi. Miaka thelathini na tano alifanya kazi katika chumba cha giza, akiosha filamu, na watu wa mitaa hii aliwajua kwanza kwenye filamu, pale ambapo nywele huwa nyeupe na meno huwa meusi. Mpaka leo ukikutana naye njiani hukutazama kwa mashaka. Juzi alimwona jirani wetu mmoja aliyeota mvi, akamshika mkono, akamwambia, "Afadhali mwanangu, sasa ndiyo umeanza kufanana na wewe."

"Basi nilibadilishe vifungo," Bi Sindano alisema.

"Picha wanazo tayari, shoga yangu," Mama Flashi alisema. "Utabadilisha na za kwao?"

"Kisheria," Wakili alisema, "koti halina uso. Kisicho na uso hakiwezi kufananishwa. Tukisimama na hoja hiyo..."

"Utasimama wapi?" Bi Sindano alimkata. "Wewe huwezi kusimama hata kwenye foleni ya maji. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga. Leo nimeelewa walimaanisha koti."

"Na walisema pia nguo ya kuazima haisitiri matako," Breki aliongeza, "na hili ndio kabisa, maana nyuma ni wazi!"

Tulikuwa bado tunacheka, kicheko kile cha watu wenye hofu, wakati kivuli kilipotuangukia miguuni. Kijana wa miaka thelathini hivi, shati jeupe, kalamu mbili mfukoni, kompyuta kwapani. Ofisa mwenyewe.

"Habari za hapa."

"Nzuriii," tuliitikia kwa pamoja kama darasa la kwanza.

"Mwenye duka ni nani?"

Nikamwonyesha Wakili. Wakili akamwonyesha Breki. Breki akaonyesha tofali.

"Ni mimi, baba," Mama Flashi alisema. "Karibu ndani."

Aliingia. Nasi tukaingia, maana barua haikutukataza. Ofisa aliweka kompyuta juu ya kaunta, akalitazama koti pale msumarini kama mtu aliyemwona nyoka dukani.

"Namtafuta mwenye koti hilo."

"Amefariki," Bibi Kizani alisema.

"Pole, bibi. Lini?"

"Miaka kumi na tisa sasa."

Ofisa akaandika, akisema kwa sauti anachoandika. "Mshukiwa, alifariki, miaka kumi na tisa iliyopita." Kalamu ikasita. "Lakini hapa inaonyesha miezi mitatu iliyopita aliomba leseni ya lori."

"Huyo ni mimi!" Breki Mbovu alilipuka.

"Usiseme neno bila wakili!" Wakili wa Bure alimkamata shati.

"Wakili yuko wapi?"

"Si ni mimi!"

"Basi acha niseme tu."

Mama Flashi alimwelekea ofisa kwa upole, kama anavyowaelekea watoto wanaoogopa mwanga wa kamera. "Mwanangu, hakuna mtu mmoja hapa. Ni koti moja. Watu ni wengi. Hawa wanne wamo humo. Wahesabu."

Ofisa alituhesabu kwa kidole, kwa kweli kabisa. "Naona watu wanne," alikiri.

"Haya."

"Lakini mashine inaona mmoja."

"Na wewe umeona wanne."

"Mama, mimi kuona kwangu hakuna muhuri. Mashine ina muhuri. Imetoka mbali, imezinduliwa kwa kukatiwa utepe, siku ile tulikula mpaka jioni. Haikosei. Katika kila picha yako uso ni theluthi moja, koti ni theluthi mbili. Mashine imepima, ikaona kilicho kingi ndicho mtu."

"Hivyo kwa mashine hiyo mimi ni koti lenye kichwa?" Bi Sindano aliuliza.

"Kwa kipimo chake, ndiyo."

"Basi imekosea."

"Haikosei, dada."

Wakazunguka hapo hapo kama ng'ombe kwenye mtaro. Imekosea, haikosei, tazama, sitazami. Mwishowe ofisa akafunga daftari, akanyoosha mkono.

"Naomba muhuri, mama."

Mama Flashi alifungua droo. Aliutoa muhuri, akauweka juu ya kioo cha kaunta, lakini hakuuachia.

"Mashine yako inakujua wewe?" aliuliza.

"Mimi?" Ofisa alicheka. "Mama, kila asubuhi naitazama, inanifungulia mlango wa ofisi. Inanijua kuliko shangazi zangu."

"Basi livae koti."

"Nini?"

"Livae. Nikupige picha, uitume. Ikikutambua kwamba ni wewe, chukua muhuri, chukua na koti, chukua na benchi."

"Benchi liache," Breki alisema.

"Isipokutambua, uandike kwa mkono wako kwamba imekosea."

Ofisa alitutazama mmoja mmoja. Nadhani alitaka tu tunyamaze. "Sawa. Nitavaa, itanitambua, na hapo itathibitika kwamba tatizo si koti, tatizo ni wavaaji."

"Mashahidi tupo," Wakili alisema, na mara hii kwa kweli alikuwa wakili.

Wakamkalisha kwenye stuli mbele ya pazia la bluu. Bi Sindano alimzunguka nyuma na vibanio sita, akambana tap tap tap mpaka kiuno kikaonekana. Bibi Kizani akaja polepole, akamnyooshea kola, akamfunga tai, akarudi hatua mbili, akakunja jicho moja.

"Una kichwa kizuri," alimwambia. "Kwenye filamu ungependeza."

Hapo nikaona kitu ambacho nimekiona kwa kila mtu, na hakichoshi. Koti lilipomkaa, yule kijana aliinuka kidogo juu ya stuli, bila kuambiwa. Shingo ikarefuka. Hata zile kalamu zake mbili, zilizohamishiwa mfuko wa koti, zilionekana kama za mtu anayesaini mikataba.

"Kidevu juu," Mama Flashi alisema nyuma ya kamera. "Mabega yaache yaanguke. Usitabasamu, ila fikiria jambo la kutabasamia."

Mwanga ukapiga.

Ofisa aliiingiza picha kwenye kompyuta, akaandika jina lake, namba yake ya kazi, akabonyeza. Tukamlundikia mgongoni, yaani kwenye vibanio. Kiduara kikazunguka kwenye kioo. Kikazunguka. Breki akaanza kuzunguka nacho kichwa.

Maandishi yakaja mekundu. Ofisa alisoma kwa sauti kabla akili haijamwambia asisome.

"'Mwombaji amezuiwa. Anafanana na mshukiwa kwa asilimia tisini na tisa.'"

"Hongera," Bi Sindano alisema. "Mimi gazetini nilipata pembeni, wewe umepata tisini na tisa."

"Ngoja, kuna na jingine." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "'Namba hii ya kazi imesitishwa. Mlango hautafunguliwa. Mwombaji ajisalimishe kwa ofisa anayeshughulikia shauri la koti.'"

"Na huyo ofisa ni nani?" nilimuuliza.

"Ni mimi," alisema.

"Basi jisalimishe," Breki alisema. "Tunakusubiri."

Kijana akachukua simu, akampigia mkuu wake, akaweka sauti ya nje kwa bahati mbaya.

"Bosi, ni mimi."

"Wewe nani?" mkuu aliuliza.

"Mimi, bosi! Niliyetumwa kwenye duka la kamera!"

"Nimetazama hapa. Mashine inasema wewe ni wewe na watu wengine arobaini na mmoja. Sasa nikuulize, naongea na yupi?"

"Lakini bosi, sauti yangu unaijua! Juzi nilikusukumia gari!"

"Nilisukumiwa gari, ndiyo. Na nani, mashine itasema. Na mshahara nao nimeona umesimama, maana siwezi kuwalipa watu arobaini na wawili kwa kazi ya mmoja."

Neno mshahara lilimfanya kijana ashike ukingo wa kaunta. Mkuki kwa nguruwe, jamani. Mimi nimekaa kwenye ofisi nyingi nikisubiri barua. Nimeona barua ya wiki, ya mwezi, ya mpaka aliyeomba akafa na mwanawe akaja kuichukua. Lakini sijawahi kuona barua ya serikali ikiandikwa kwa kasi ile. Alinyakua karatasi, akainama, na Breki Mbovu kwa huruma akampa mgongo awe meza. Wakili akaanza kumwamuru, "Andika: kwa kuzingatia, bila kuathiri..." Bi Sindano akamwambia, "Andika Kiswahili, kijana, mkuu wako aelewe."

Akaandika: mashine imetazama koti, haikutazama watu. Nimefika, nimewaona kwa macho yangu, ni wengi. Mmoja wao ni mimi. Duka halina kosa. Akasaini, akanyanyua macho kwa Mama Flashi kama mtoto anayeomba ruhusa.

"Naomba uniazime muhuri, mama."

Mama Flashi aliuinua pale juu ya kioo, akaugonga mwenyewe. Wakaipiga picha ile barua, wakaituma. Tukakaa. Breki alitaka kusema jambo, Bi Sindano akamwonyesha pini.

Simu ililia baada ya nusu saa. Mkuu alisema kwa kuwa imegundulika kwamba hata mtumishi wa serikali anaweza kuathirika, jambo ambalo ni zito, wote arobaini na wawili waachiliwe na maombi yao yaendelee leo leo. Mashine ifundishwe kutazama kuanzia shingoni kwenda juu. Duka libaki kwenye orodha. Ofisa atume picha nyingine, bila koti, ili afunguliwe mlango kesho.

Kelele tulizopiga zilimtoa kinyozi wa ng'ambo na wembe mkononi, akauliza nani kafa. Breki alimkumbatia ofisa mpaka vibanio viwili vikaruka. Wakili alitangaza kuwa ameshinda kesi yake ya kwanza, akaanza kugawa kadi zake za biashara, ambazo kwa kweli ni maboksi ya kava yaliyokatwa. Mama Flashi alirudisha muhuri kwenye droo, akaifunga, akaegemea droo ile kwa mgongo wake, akacheka peke yake kwa muda mrefu mpaka akajifuta macho na kitambaa cha lenzi.

Kisha akampiga kijana picha ya pili, na shati lake jeupe tu. Ikatumwa, ikakubaliwa, mara moja. Maandishi ya kijani.

Watu wakaanza kuondoka. Breki alikuwa tayari anafukuza ndege kwenye kioo cha lori. Bi Sindano alikusanya pini zake. Nikabaki mimi, kwa sababu ya asili yangu, na nikaona ofisa naye haondoki. Amefunga kompyuta, ameiweka kwapani, lakini anazunguka zunguka mbele ya kabati, anatazama betri moja moja kama anazisomea mtihani.

"Kuna kingine, mwanangu?" Mama Flashi aliuliza.

"Hapana, mama. Ila..." Alitazama mlangoni, kisha akaninong'onia kwa macho kwamba niangalie pembeni. Nikaangalia pembeni kwa jicho moja. "Ile ya kwanza. Ya koti. Umeshaifuta?"

"Bado."

"Nitolee moja. Kubwa."

"Ya ofisi?"

"Ya mama yangu," alisema. "Mwaka wa nne huu namwambia nina kazi, haamini."

Mama Flashi akaigeukia mashine yake ya kuchapishia bila kuuliza tena. Ni Bibi Kizani aliyeinuka pale kwenye kiti chake, akaanza kupangusa vumbi kwenye fremu.

"Mama yako anavaa miwani?"

"Havai, bibi. Hataki."

"Basi ndogo hazitafaa," Bibi Kizani alisema. "Chukua hii."

Ilikuwa kubwa kuliko zote dukani. Kijana alitoka nayo ameikumbatia kwa mikono miwili, kompyuta ameishika kwa kidevu, na wakati wa kupita mlangoni ilibidi atoke kwa ubavu.